Dalili ya Mvua ni Mawingu: Damu na Kiwewe cha Wanajeshi Waliotoka Vitani

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni kipande cha ukindu tu. Hauna meno, hauna sumu, na hata mtoto mdogo huushika akashonea mkeka. Lakini yule aliyeumwa huona nyoka. Moyo humwenda mbio, jasho jembamba humtoka, na miguu hukimbia kabla akili haijafikiri. Ukimcheka unamwonea bure, maana mwili wake hausikizi kicheko chako. Mwili wake unakumbuka.

Makala haya yanahusu wanajeshi waliorudi kutoka vitani wakiwa na mikono miwili, miguu miwili na macho mazima, lakini ambao kila ung'ongo kwao ni nyoka. Mlango ukibamizwa na upepo wanajitupa sakafuni. Usiku wanaamka wakipiga mayowe. Sokoni hawaendi kwa sababu ya umati wa watu. Ukimwuliza mmoja wao ana nini, atakujibu, "Sina kitu." Na kwa kuwa hana kidonda cha kuonyesha, watu humwita mwoga, mlevi, au mtu anayejifanya tu. Kwa takriban miaka arobaini sasa kuna wanasayansi wanaouliza swali moja: Je, kidonda hiki kisichoonekana kwa macho kinaweza kuonekana ndani ya damu? Hebu tufuatane pole pole tuone wamefika wapi.

KIWEWE NI NINI?

Lugha yetu ya Kiswahili ilikuwa na neno hili kabla ya madaktari kuwa na lao. Tunasema mtu amepigwa na kiwewe, yaani amechanganyikiwa kwa hofu hadi hajui la kufanya. Kiwewe cha kawaida huja na kuondoka. Lakini kuna kiwewe kinachokataa kuondoka, na mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani walikiingiza rasmi katika kitabu chao cha maradhi. Kwa kifupi cha Kiingereza kinaitwa PTSD. Wanajeshi waliotoka katika vita vya Vietnam ndio waliosukuma sana jambo hili hadi likakubaliwa.

Dalili zake madaktari huziweka katika makundi manne. Kwanza, tukio humrudia mtu bila kualikwa, katika ndoto au hata mchana akiwa macho, kana kwamba linatendeka upya. Pili, mtu huyo huepuka kila kitu kinachomkumbusha: mahali, watu, sauti, hata mazungumzo. Tatu, mawazo na hisia zake hubadilika. Hujilaumu, hupoteza furaha na kujitenga na wenzake. Nne, mwili hukaa chonjo saa zote. Usingizi hauji, hasira ni za karibu, na mlio mdogo tu humrusha. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na ikamvurugia mtu maisha, hapo ndipo daktari huita maradhi.

Tusije tukadhani kwamba kila mwanajeshi huyapata. La hasha. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani katika miaka ya 1980 ulionyesha kuwa karibu wanaume 15 katika kila 100 waliotumikia jeshi kule Vietnam walikuwa bado wagonjwa wakati huo, na vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka 1975. Wengi walipona au hawakuugua kabisa. Lakini hao 15 katika kila 100 ni watu wengi mno, na kila mmoja ana mke, watoto na jirani.

Sasa basi, daktari hujuaje kwamba mtu fulani anaugua? Kwa kumwuliza maswali na kumsikiliza. Hakuna njia nyingine. Ukienda zahanati ukiwa na homa, utatobolewa kidole, tone la damu liwekwe chini ya darubini, na kama una malaria vijidudu vitaonekana. Huna haja ya kumshawishi mtu. Mgonjwa wa kiwewe hana tone la namna hiyo. Ana maneno yake tu, na maneno yanaweza kukataliwa.

WALIOITWA WAOGA

Kukataliwa huko kumewagharimu watu maisha yao. Mwaka 1871 daktari mmoja Mmarekani, Jacob Da Costa, aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchini mwake waliokuwa na mapigo ya moyo ya kasi na kifua kinachouma. Yeye alidhani shida iko katika moyo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, askari wa Uingereza walianza kutetemeka, wengine wakawa mabubu, wengine wakashindwa kutembea. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika juu ya mshtuko wa makombora. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba kombora likilipuka karibu hutikisa ubongo. Lakini ikaonekana kwamba hata askari ambao hawakuwa karibu na kombora lolote waliugua vivyo hivyo.

Wakuu wa jeshi hawakuwa na subira. Askari Harry Farr alikuwa amelazwa hospitalini kwa miezi kadhaa mwaka 1915 kwa ajili ya mshtuko huo, kisha akarudishwa vitani. Mwaka 1916 alikataa kwenda mstari wa mbele akisema hawezi. Alishtakiwa kwa uoga, akahukumiwa, na mwezi wa Oktoba mwaka huo akapigwa risasi na askari wenzake. Alikuwa na umri wa miaka 25. Jamaa zake hawakukoma kudai haki, na mwaka 2006 serikali ya Uingereza iliwasamehe yeye na wengine, jumla yao 306, waliouawa namna hiyo katika vita vile kwa makosa kama uoga na kutoroka. Msamaha ulichukua miaka 90.

Kuna kisa kingine ambacho kinaingia moja kwa moja katika mada yetu. Mwezi wa Agosti mwaka 1943, katika kisiwa cha Sicily, Jenerali George Patton wa Marekani alizuru hospitali za jeshi kuwaona majeruhi. Alimkuta askari mmoja, Charles Kuhl, ameketi bila bandeji yoyote. Kuhl akamwambia kwamba hawezi kustahimili vita. Jenerali akampiga kofi na kumfukuza hemani. Siku chache baadaye, katika hospitali nyingine, alimkuta kijana Paul Bennett akitetemeka. Bennett alisema ni neva zake. Naye pia akapigwa na kutishiwa bastola. Habari zilipomfikia mkuu wake, Jenerali Eisenhower, Patton aliamriwa aombe radhi.

Sikiliza sasa. Kuhl alipopimwa ilibainika kuwa ana malaria. Kumbe damu yake ilikuwa na ushahidi! Baada ya hapo hakuna mtu angeweza kusema anajifanya. Lakini Bennett, ambaye neva zake zilikuwa zimechoka kwa milio ya mizinga, angeonyesha nini? Kofi ni lile lile, hema ni lile lile, ila mmoja alikuwa na shahidi ndani ya mishipa yake na mwingine hakuwa naye. Nadhani hapo ndipo tunapoelewa kwa nini watu wanaitafuta alama ya kiwewe katika damu.

MWILI UNAVYOPIGA KENGELE

Kabla hatujaingia maabara, inatupasa tujue mwili hufanya nini mtu anapoogopa. Wale tunaosoma Bayolojia tutakumbuka jinsi mwili unavyojisawazisha wenyewe.

Chukulia mwili ni kijiji chenye mlinzi wa usiku mwenye filimbi. Adui akitokea, mlinzi hupuliza. Filimbi hiyo ni homoni ya adrenalini pamoja na ndugu yake noradrenalini. Moyo hudunda, damu hukimbilia misuli, macho hutanuka. Haya yote hutokea kufumba na kufumbua, na ndiyo yanayomwokoa mtu asiliwe na simba.

Baada ya dakika chache huja mzee wa kijiji. Huyo ni homoni nyingine iitwayo kotisoli. Ubongo hutuma ujumbe kwa tezi ndogo ya pituitari iliyo chini yake, nayo hutuma ujumbe kupitia damu hadi tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na tezi hizo humwaga kotisoli. Kazi ya mzee ni kuupa mwili nguvu ya kupambana, kisha kuhakikisha kwamba ghasia zinatulia na watu wanarudi kulala. Kotisoli ikishatosha, ubongo huitambua kwa kutumia vipokezi vyake, ukasema, "Imetosha, tezi zinyamaze." Ni kama mtungi wa maji wenye mpira wa kuziba bomba maji yakijaa.

Kwa mtu wa kawaida, adui akienda filimbi hunyamaza. Kwa mgonjwa wa kiwewe, filimbi inaendelea kulia hata adui akiwa amekwenda zake miaka ishirini iliyopita.

DAMU IMESEMA NINI?

Mtu yeyote angedhani kwamba mgonjwa wa hofu atakuwa na kotisoli nyingi, kwa vile tumeizoea kuwa homoni ya taabu. Mwaka 1986 mwanasayansi John Mason na wenzake, wakichunguza mkojo wa wanajeshi wa Vietnam waliolazwa, walikuta kinyume chake. Kotisoli ilikuwa chini kuliko ya wagonjwa wengi wengine wa akili. Lakini noradrenalini, kama walivyoeleza baadaye, ilikuwa juu. Yaani filimbi inalia kwa nguvu na mzee wa kijiji haonekani!

Katika miaka ya 1990 mwanasayansi Rachel Yehuda wa New York alitafuta sababu ndani ya damu. Alihesabu vipokezi vya kotisoli katika seli nyeupe za damu za wanajeshi hao, akaona ni vingi kuliko vya watu wengine. Kisha akafanya jaribio la werevu. Mtu alipewa usiku kipimo kidogo cha deksamethasoni, dawa inayoiga kotisoli, na asubuhi damu yake ikatolewa. Kwa mtu wa kawaida kotisoli hushuka kidogo, kwa kuwa ubongo umedanganywa kwamba tayari ipo. Kwa wagonjwa wa kiwewe ilishuka zaidi sana. Maana yake ni kwamba miili yao ina masikio makali mno. Mzee wa kijiji hajafika hata mlangoni, ubongo unamwambia rudi nyumbani, na mlinzi anaachwa peke yake na filimbi yake.

Baadaye watafiti walijiuliza: je, alama hizi huletwa na vita, au mtu huenda nazo? Kule Uholanzi walichukua damu ya askari kabla hawajapelekwa Afghanistan. Mwaka 2011 walieleza kwamba waliokuja kuugua walikuwa na vipokezi vingi hata kabla ya kuondoka. Nao watafiti wa Marekani walipima damu ya zaidi ya askari 2,000 wa kikosi cha Marines kabla ya safari. Walitazama protini ambayo ini hutengeneza kwa wingi mwili unapopambana na kidonda au viini vya maradhi. Mwaka 2014 wakatangaza kwamba waliokuwa nayo zaidi kabla ya vita walielekea kuwa na dalili zaidi baada ya vita, ingawa uhusiano huo haukuwa mkubwa.

Unaona jinsi mambo yanavyogeuka? Maradhi tuliyodhani ni ya kichwani peke yake yameacha nyayo katika homoni, katika seli nyeupe na hata katika ini.

ALAMA 28

Shida ni kwamba hakuna hata nyayo moja iliyo wazi kama kijidudu cha malaria. Kotisoli hupanda asubuhi na kushuka usiku wa manane kwa kila mtu, na kuna watafiti wengine waliopima wagonjwa wasione tofauti yoyote. Ile protini ya ini nayo hupanda hata kwa mafua. Kwa hiyo wanasayansi wakasema: kama wingu moja halitoshi kutabiri mvua, tuyatazame mawingu mengi pamoja.

Hilo ndilo lililofanywa katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, ambao jeshi la Marekani lilishiriki. Walichukua wanaume waliopigana Iraq na Afghanistan. Wagonjwa wa kiwewe walikuwa 83, na wenzao 82 walikuwa wamekwenda vitani vilevile lakini hawakuugua. Hapo pana busara kubwa, kwa maana ukimlinganisha askari na mkulima asiyewahi kusikia mlio wa risasi, hutajua kama tofauti imeletwa na maradhi au na vita vyenyewe.

Walipima vitu zaidi ya milioni moja katika kila upande wa mwili: jeni na vile vijialama vya kemikali vinavyobandikwa juu ya jeni kuziwasha na kuzizima, protini, sukari na mafuta ya damu, na kadhalika. Kompyuta zikachuja hadi zikabaki alama 343. Baada ya muda waliwaita tena karibu theluthi moja ya wanaume hao, wakawapima upya, na kubakisha alama zile tu zilizokuwa zikifuata hali ya mgonjwa inavyobadilika. Zikabaki 28. Nyingi ni za damu. Lakini mapigo ya moyo pia yamo, pamoja na ukubwa wa chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata.

Mwishowe walizijaribu alama hizo kwa wanaume wapya, 26 wagonjwa na 26 wasio wagonjwa. Zilijibu sawasawa kwa asilimia 81.

TUFANYE HESABU

Asilimia 81! Mwanafunzi akipata hiyo katika mtihani anabebwa juu juu. Lakini tusishangilie kabla ya kutoa kalamu.

Utafiti ulisema alama hizo ziliwatambua asilimia 85 ya wagonjwa na kuwaachilia asilimia 77 ya wasio wagonjwa. Kwa hiyo, katika wagonjwa 26, waliotambuliwa ni 22 na waliokosewa ni 4. Katika wazima 26, walioambiwa ni wazima ni 20, na 6 wakaitwa wagonjwa bure. Jumla ya majibu sahihi ni 42 kati ya 52, na hiyo ndiyo asilimia 81 yetu.

Sasa tukipeleke kipimo hicho kambini. Tuseme, kwa mfano tu, kuna askari 1,000 na wagonjwa wa kiwewe miongoni mwao ni 100. Asilimia 85 ya 100 ni 85, hao wamepatikana. Kumi na watano wanaambiwa hawana kitu na kurudishwa kwenye bunduki. Wazima ni 900. Asilimia 23 yao, yaani 207, wanaambiwa ni wagonjwa. Jumla ya waliotiwa alama ya ugonjwa ni 85 na 207, yaani 292. Kati ya hao 292, wagonjwa wa kweli ni 85 tu. Katika kila kumi, ni watatu!

Kwa nini matokeo ni mabaya hivyo, ilhali kipimo ni kile kile? Kwa sababu katika utafiti nusu ya watu walikuwa wagonjwa kwa kuchaguliwa, na kambini wazima ni wengi zaidi. Makosa madogo kwa watu wengi huzaa umati. Wanaouliza Hisabati inatusaidia nini maishani, jibu ni hili.

Isitoshe, utafiti huo ulikuwa wa wanaume peke yao. Wanawake wanaobeba bunduki hawakuwemo. Tena wagonjwa wengi wa kiwewe hawalali vizuri, wengine hunywa pombe au huvuta sigara, wengine wana huzuni ya kudumu, na mambo haya yote huacha nyayo zake katika damu. Si rahisi kusema wayo huu ni wa nani. Kwa sababu hizo, hadi leo hakuna kipimo cha damu kinachokubaliwa kumtangaza mtu kuwa ana kiwewe. Daktari bado anauliza na kusikiliza.

SHAHIDI, SI HAKIMU

Huenda mtu akauliza: basi kazi yote hii ya nini? Mimi naona ina faida, tena kubwa.

Kuna askari wa aina mbili wanaoteseka. Wa kwanza ni anayeficha. Anaogopa kunyang'anywa bunduki, kukosa cheo, kuchekwa na wenzake. Huyu wahenga walimwonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wa pili ni anayesema lakini haaminiki. Anaambiwa eti anataka malipo ya uzeeni ya bure. Wote wawili wangesaidiwa na jambo moja, nalo ni watu kujua kwamba kiwewe ni maradhi ya mwili mzima kama kisukari au shinikizo la damu. Hilo damu imekwisha kulithibitisha, hata kama bado haiwezi kumwonyesha mgonjwa mmoja mmoja kwa kidole. Harry Farr hakuwa na shahidi wa namna hii mbele ya majaji wake.

Faida nyingine ni katika matibabu. Kiwewe kinatibika. Kuna matibabu ya mazungumzo ambapo mgonjwa, akiongozwa na mtaalamu, hulikabili tukio lake pole pole hadi linapungua makali, na kuna dawa kama sertralini zinazowasaidia wengine. Lakini haziwafai wote. Kama alama za damu zingeonyesha mapema ni nani anapata nafuu na ni nani anahitaji dawa nyingine, miezi mingi ya mateso ingeokolewa.

Hata hivyo kuna hatari, na sisi vijana inatuhusu. Wengi wetu tunangoja siku ya kuandikishwa jeshini: tutakimbia, tutapimwa urefu, tutakaguliwa meno. Ingekuwaje mtu akuchukue damu na kukuambia, "Rudi nyumbani, damu yako inaonyesha kuwa vita vitakushinda"? Na wewe hujawahi kusikia hata mlio wa fataki! Alama zile za Uholanzi na za Marines zinaonyesha mwelekeo wa kundi tu. Kuzitumia kumfungia kijana mmoja mlango ni kumhukumu kwa kosa ambalo hajatenda. Kwa hivyo nasema damu na iitwe kama shahidi, lakini isikalishwe katika kiti cha hakimu.

NA SISI JE?

Tusidhani haya ni ya Wazungu. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika walioibebea Uingereza mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza, na maelfu hawakurudi. Katika Vita Vikuu vya Pili vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa hadi misitu ya Burma. Waliorudi, nani aliwauliza wanalalaje? Na katika siku zetu, Jeshi la Kenya liliingia Somalia mwezi wa Oktoba mwaka 2011, na tarehe 15 Januari 2016 kambi yake ya El Adde ilishambuliwa na askari wengi wakauawa. Tunawakumbuka waliokufa, na ni haki. Lakini wako waliotoka wakiwa hai, na wamo katika mitaa na vijiji vyetu. Alama zile 28 zilitafutwa katika damu ya Wamarekani. Kama zinafaa kwa Mkenya au hazifai, itabidi mtu apime, na sioni kwa nini asiwe mmoja wetu sisi tunaolia kila siku na majaribio ya Kemia na Bayolojia.

Kwa sasa, mwenzangu, huhitaji maabara kuanza kusaidia. Kama baba, mjomba au kaka yako alirudi kutoka vitani, usimpasulie mfuko wa karatasi nyuma ya kisogo ili ucheke anavyoruka. Usimlazimishe kusimulia, lakini akianza kusimulia, keti chini usikilize hadi mwisho. Mshauri amwone daktari, tena umsindikize. Na ukisikia mtu akimwita mwoga, mwambie kwamba hata damu yake inamtetea.

Hapo natia nanga.